Simu yako ukienda ng'ambo: nini uzime, nini ufute, na nani anaangalia

NahodhaWaLaini

Wakuu, uzi huu ni kwa wanaojiandaa kwenda nje, iwe ni masomo, kazi au kumsalimia ndugu. Sanduku hupangwa wiki nzima, simu hubebwa kama ilivyo. Na simu ndiyo imebeba mengi: namba za ukoo mzima, picha za vitambulisho, mazungumzo ya miaka. Naanza na viza, kwa sababu taarifa zako husafiri kabla yako.

Anayeomba viza ya Marekani hujaza fomu ya DS-160. Tangu tarehe 31 Mei 2019 fomu hiyo inauliza majina uliyotumia kwenye mitandao ya kijamii kwa miaka 5 iliyopita, pamoja na namba za simu na barua pepe za kipindi hicho. Unachagua mtandao kwenye orodha, unaandika jina la akaunti. Orodha ni ya zamani, hata MySpace imo. Kaa na karatasi kwanza, uandike kila akaunti uliyowahi kufungua, hata ile ya Instagram ya biashara iliyokufa. Ukisema huna, kisha afisa akaikuta, hoja haitakuwa tena ulichoweka humo. Itakuwa umedanganya kwenye fomu, na hilo hufuata jina lako kwa miaka.

Wanaoomba viza za masomo na za kubadilishana, yaani F, M na J, tangu Juni 2025 wanatakiwa kuziacha akaunti zao wazi kwa kila mtu. Kabla hujafungua, pitia albamu. Ukifungua akaunti yako umefungua na sura za watoto wa dada yako, ambao hawakuomba viza yoyote.

Jambo la pili ni tovuti za mawakala. Ukitafuta fomu ya viza kwenye Google, mara nyingi linalotangulia juu ni tangazo lililolipiwa la wakala, limepambwa bendera, na ada yake imewekwa juu ya ada ya serikali. Mwenye injini ya utafutaji analipwa ukibofya, uwe umefika ulikokwenda au umepotea. Soma mwisho wa anwani, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti: Marekani ni .gov, Uingereza .gov.uk, Kenya .go.ke, Tanzania .go.tz. Ukiona .gov iko katikati halafu inafuata nukta na jina jingine linaloishia .com, mwenye tovuti ni huyo wa .com. DS-160 yenyewe iko ceac.state.gov na kuijaza ni bure. Unacholipia ni ombi la viza, dola 185 kwa matembezi na masomo.

Kwa Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza moja, balozi nyingi zimekabidhi kupokea makaratasi kwa kampuni binafsi kama VFS Global na TLScontact. Ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu tarehe 11 Juni 2024, na kampuni inaongeza ada yake ya huduma. Chumba cha kungojea chenye viti vizuri, ujumbe wa SMS, kuletewa pasipoti mlangoni, hivyo ni vya hiari. Kagua kila kisanduku kabla ya kulipa, na ujue hakuna kati ya hivyo kinachobadilisha uamuzi wa ubalozi.

BintiMvita

Shukran kaka Nahodha. Swali la laini: mtu akikaa Ujerumani miezi mitatu, M-Pesa yake na ile namba ambayo benki huitumia msimbo kwa SMS zitabaki hai? Na hizi eSIM, laini zisizo na kadi zinazopakiwa ndani ya simu, zinazotangazwa kila mahali, zina faida gani hasa?

FundiRominga

Dada BintiMvita, abebe laini mbili ndani ya simu moja: ya nyumbani kwa SMS na USSD (menyu za msimbo kama *334#), ya safari kwa data. Mpangilio huo ukikosewa ndipo vocha inapoyeyuka usiku mmoja.

Laini ya nyumbani iwashiwe rominga, yaani ruhusa ya kutumia mitandao ya nchi nyingine, akiwa bado nchini, kwa mtandao wake wenyewe, kisha aulize bei ya kupokea simu, maana kupokea simu nje hutozwa. *334# ya Kenya na *150*00# ya Tanzania hazipiti kwenye intaneti. Zinasafiri kupitia mtandao wa kule hadi kwa mtandao wa nyumbani, na bila makubaliano ya rominga kati ya hao wawili hazifiki. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na waifai ya kasi na bado menyu ya M-Pesa ikagoma. Tiba ni kwenda kwenye mipangilio ya mtandao, kuzima uchaguzi wa kujiendesha, na kujaribu mitandao ya kule mmoja mmoja kwa mkono.

Sasa eSIM. Piga *#06#. Ikitokea namba ndefu ya EID yenye tarakimu 32, simu inaikubali. Kwa iPhone ni kuanzia XS na XR za 2018. Pia simu isiwe imefungiwa mtandao mmoja, jambo la kawaida kwa simu zilizotumika zinazoletwa kutoka Marekani. Kwenye iPhone fungua Mipangilio, Jumla, Kuhusu, tafuta mstari unaosema kama laini imewekewa vikwazo.

Aipakie eSIM nyumbani, kwenye waifai. Msimbo wa QR unahitaji intaneti ili kushuka, na mtu aliyesimama uwanja wa Frankfurt bila data hana pa kuushushia. Mingi hukubali kutumika mara moja tu, kwa hiyo asiifute eSIM akidhani ataipakia upya.

Hapa ndipo wengi hukwama. Kwa hofu ya gharama mtu anazima data ya rominga kwenye simu nzima, kisha analalamika eSIM ni mbovu. Laini hiyo ya safari yenyewe iko rominga, imetoka nchi nyingine. Rominga ya data iwe imewashwa kwa eSIM, na imezimwa kwa laini ya nyumbani. Kisha kuna swichi ndogo inayoruhusu simu kuhamia data ya laini ya pili pale ya kwanza inapolegea. Iko iPhone na iko Samsung. Akiiacha imewashwa, treni ikipita kwenye handaki simu itakimbilia laini ya Nairobi kimyakimya.

Kuhusu faida: urahisi upo, ila kampuni nyingi za eSIM za safari hazina minara. Zinanunua data kwa jumla kwa mtandao wa nchi nyingine, na data yako huzungukia huko kwanza. Uko Berlin, lakini tovuti zinakuona uko Poland au Hong Kong. Matokeo yake kasi inashuka, programu ya benki inakataa kufunguka kwa kudhani ni mwizi, na mawasiliano yako yanapita chini ya sheria za nchi ambayo hukuichagua wala hukuambiwa wakati wa kununua. Kampuni iliyo mwaminifu ingeandika njia hiyo karibu na bei. Kwa miezi mitatu afadhali anunue laini ya hukohuko. Ajue tu kwamba Ujerumani husajili laini kwa pasipoti.

Na WhatsApp asiihamishe. Namba yake ya zamani itaendelea kufanya kazi hata laini mpya ikiwa ndani. Akiulizwa kama anataka kubadilisha namba, akatae. Awashe uthibitishaji wa hatua mbili, ile pini ya tarakimu 6, kabla ya kuondoka. Laini ya nyumbani ikikaa miezi bila kutumika, mtandao huifunga na kuigawa upya, na mwenye mpya wa namba hiyo ndiye atakayepokea misimbo ya mzee wa watu.

MkaziMuscat

Kwa wanaokuja huku Ghuba niongeze. Oman na Falme za Kiarabu, ujumbe wa WhatsApp unakwenda, sauti ya kurekodi inakwenda, lakini simu ya sauti na ya video huzuiwa na mitandao ya huku. Unapiga, inaita, mwenzako akipokea kimya. Watu hudhani simu imeharibika. Dubai kuna programu zenye kibali kama BOTIM. Mpakieni mama nyumbani programu hiyo kabla ya mtu kusafiri, mfanye na jaribio, si kumwelekeza mtu mzima kwa maandishi kutoka umbali wa bahari.

Kuhusu VPN, yaani programu za kuficha anwani yako ya mtandao, msidanganywe na anayesema kila mtu anatumia. Sheria ya Falme za Kiarabu namba 34 ya 2021 inatoa faini kati ya dirham 500,000 na 2,000,000 kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa au kuzuia lisigundulike. Mfanyakazi wa ndani au dereva hawezi kuimaliza faini hiyo hata akiuza shamba.

SautiYaMpakani

Asante Sheikh wa Muscat. Mimi nitazame lango la kuingilia.

Marekani, maafisa wa mpakani wana ruhusa ya kupekua simu bila hati ya mahakama. Mwaka wa fedha 2024 walipekua vifaa zaidi ya 47,000, ambavyo ni kama asilimia 0.01 ya waliofika. Kwa hiyo kinachotakiwa ni maandalizi, hofu haisaidii kitu. Mwongozo wao wa Januari 2018 unagawa upekuzi sehemu mbili. Wa kawaida, afisa anapitia simu kwa mkono. Wa kina, simu inaunganishwa na mashine na kunakiliwa, na huo unahitaji shaka ya msingi au suala la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wake. Katika yote mawili wanatakiwa kuangalia kilicho ndani ya simu tu, si kilicho kwenye wingu (hifadhi ya mtandaoni), ndiyo maana huambiwa uweke hali ya ndegeni. Weka mwenyewe kabla ya kufika kwenye dirisha.

Mgeni mwenye viza akikataa kutoa namba ya siri anaweza kurudishwa alikotoka. Raia wao hawezi kuzuiwa kuingia, ila simu yake inaweza kubaki. Simu ikichukuliwa, omba risiti, fomu namba 6051D. Bila karatasi hiyo huna pa kuanzia kuifuatilia.

Uingereza kuna Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya 2000. Bandarini na uwanjani unaweza kuhojiwa hadi saa 6 bila kushukiwa lolote, simu ikazuiwa siku 7, na kukataa kutoa namba ya siri ni kosa lenye kifungo cha hadi miezi 3. Haki ya kunyamaza mnayoisikia haifanyi kazi pale.

Sasa simu yenyewe. Izime kabisa ndege ikianza kushuka, ikiwa tayari kwenye hali hiyo ya ndegeni. Simu iliyowaka na kufunguliwa walau mara moja tangu iwashwe ina funguo zake kwenye kumbukumbu, hata skrini ikiwa imefungwa. Iliyozimwa haina mpaka uandike namba, na mashine za kuvunja simu hupata kazi ngumu zaidi hapo. Namba ya siri ya tarakimu 4 ina michanganyiko 10,000, ya 6 ina 1,000,000. Weka 6 au zaidi, na uondoe alama ya kidole na uso kwa safari hiyo.

Usifute simu nzima usiku wa kuamkia safari. Simu tupu mkononi mwa mtu mzima huzaa maswali. Punguza, usikombe.

KijanaMwenge

Mkuu, kwa heshima, mtu asiye na kosa anaogopa nini? Mimi naona tunatishana.

SautiYaMpakani

Ndugu yangu, swali ni halali. Chukua simu ya Android, fungua programu ya mafaili, ingia Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, kisha WhatsApp Images. Humo utakuta kila picha iliyowahi kushuka yenyewe kutoka kila kikundi. Kadi za NIDA za wanachama wa kikoba zilizotumwa siku ya kujiandikisha. Karatasi ya vipimo vya shangazi. Hati ya benki ya mtu aliyekopa. Picha ya maiti ya ajali aliyoisambaza mtu asiye na staha. Ndani yake kuna folda ya Sent yenye ulizotuma wewe. Ukiondoka kwenye kikundi hazikufuati kutoka, zinabaki. Hao wote hawakupanda ndege, na simu ikinakiliwa wamenakiliwa nao.

Kusafisha: kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Vikundi vinapangwa kwa uzito. Anza na kizito, futa picha na video, kisha zima upakuaji wa kujiendesha kwa waifai na kwa data. Rudi kwenye galari uangalie pipa la taka, maana Samsung na Google Photos huweka vilivyofutwa kwa siku kadhaa. Vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp navyo vikaguliwe. Kompyuta ya ofisi ya zamani ikiwa bado imo, iondoe.

Nakala rudufu ya soga ndiyo husahauliwa. Ujumbe wenyewe umefumbwa mwisho hadi mwisho, yaani unasomwa na wewe na mwenzako tu, lakini nakala inayokwenda Google Drive au iCloud haifumbwi hivyo mpaka uwashe mwenyewe. Kitufe kipo tangu Oktoba 2021: Soga, Hifadhi rudufu, kisha chagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Ukiupoteza ufunguo hakuna wa kukurudishia, kwa hiyo uandike kwenye daftari linalobaki nyumbani.

BintiMvita

Hapo ndipo mimi huumia. Kama kitufe kipo, kwa nini kisiwe kimewashwa tangu mwanzo? Anayekiwasha ni yule anayesoma nyuzi kama hizi. Nyanya kijijini hawezi kujua.

WakiliWaTaarifa

Dada, umegusa penyewe. Mpangilio unaokuja na simu ni uamuzi wa kampuni, na kampuni huamua kwa faida yake isipobanwa. Novemba 2022 Google ilikubali kulipa dola milioni 391.5 kwa majimbo 40 ya Marekani, kwa sababu mtu alizima historia ya mahali alipo akadhani amemaliza, kumbe kitufe kingine kiliendelea kuhifadhi. Kitufe hicho bado kipo, kinaitwa Shughuli kwenye Wavuti na Programu. Fungua akaunti ya Google, Data na faragha, uvizime vyote viwili, uweke na kufuta kwa kujiendesha baada ya miezi 3.

Jingine ambalo wengi wetu hatulijui: programu ni moja, mikataba ni miwili. Aliye Ulaya anaingia mkataba na WhatsApp Ireland, sisi tunaingia na WhatsApp LLC ya Marekani. Wa Ulaya analindwa na GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza tarehe 25 Mei 2018. Sheria hiyo inamlinda mtu aliyeko ndani ya Umoja wa Ulaya bila kuangalia pasipoti. Mwanafunzi kutoka Morogoro akiwa Leipzig ana haki zilezile za Mjerumani.

Atumie hivi. Aiandikie kampuni barua pepe fupi: naomba nakala ya taarifa zangu zote kwa Kifungu cha 15 cha GDPR, pamoja na majina ya mliowapa na chanzo chake. Wana mwezi mmoja wa kujibu, na ni bure. Wanaweza kuuongeza kwa miezi miwili wakieleza sababu. Kampuni za eSIM, mashirika ya ndege na vituo vya viza vyote vinaweza kuandikiwa. Kosa la kawaida ni kuwatumia picha nzima ya pasipoti kuthibitisha jina. Funika namba na ile mistari miwili ya chini.

Nyumbani nako sheria zipo. Kenya ina ya 2019 na kamishna wake, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, ilianza kutumika Mei 2023. Zina meno zikitumiwa. Agosti 2023 Kenya ilisimamisha Worldcoin iliyokuwa ikipiga picha mboni za macho ya watu Nairobi kwa malipo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaagiza taarifa hizo zifutwe.

Lakini serikali nazo hushinikiza. Apple ilianza kuwaondolea wateja wa Uingereza ulinzi wa juu wa iCloud tarehe 21 Februari 2025, baada ya agizo la serikali ya huko. Na waunda mashine za kuvunja simu wana wajibu pia. Desemba 2024 Amnesty International ilionyesha kwamba polisi wa Serbia walitumia mashine za Cellebrite kufungua simu za waandishi na wanaharakati, kisha zikawekwa programu ya kupeleleza. Kampuni ikasitisha baadhi ya wateja wake Serbia Februari 2025. Mashine hiyo iliuzwa kihalali, na aliyeiuza alipaswa kuuliza itaelekezwa kwa nani kabla ya kupokea pesa.

MzeeWaUshongo

Wanangu, nimewasoma wote. Na hizi alama mpya za vidole za Ulaya? Mkulima vidole vimesuguka, mashine haivisomi. Atarudishwa?

SautiYaMpakani

Shikamoo mzee. Mfumo huo wa kusajili wanaoingia na kutoka unaitwa EES, ulianza tarehe 12 Oktoba 2025. Huchukua picha ya uso, na vidole vinne kwa asiyehitaji viza; mwenye viza vidole vyake huchukuliwa anapoiomba, na asiyekubali haingii. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi vidole. Ambaye vidole vyake haviwezekani kabisa kusomwa sheria inamsamehe vidole, uso unabaki. Apake mafuta ya mgando mikononi siku mbili tatu kabla, asubuhi ya safari anawe na kukausha vizuri. Mkono mkavu wenye nyufa ndio unaoisumbua mashine. Taarifa hukaa miaka 3 tangu atoke. Akizidisha siku zake na kutokuwa na rekodi ya kutoka, hukaa 5. Kwa hiyo ahakikishe amesajiliwa anapotoka, na atunze kipande cha tiketi ya ndege.

MzeeWaUshongo

Marahaba. Nimeandika.

FundiRominga

Nimalizie la kurudi, kwa sababu wengi huacha nyayo huko. Gari la kukodi: ukiunganisha simu kwa Bluetooth na ukaruhusu, gari hunakili majina na namba zako zote, na anayefuata anaviona kwenye kioo. Kabla ya kurudisha ufunguo ingia kwenye menyu ya simu ndani ya gari, futa kifaa chako, kisha ufute na safari za ramani. Televisheni ya hoteli: toka kwenye YouTube na Netflix, na ukisahau, ingia akaunti ya Google kwa simu, Usalama, Vifaa vyako, uiondoe ukiwa mbali. Mitandao ya waifai ya viwanja na mikahawa isahaulishe kwenye simu, isije ikajiunga yenyewe na jina kama hilo mahali pengine.

eSIM ya safari ifute pale tu umeshafika na laini ya nyumbani imeshika. Alama ya kidole irudishe, rominga izime, na piga *334# au *150*00# uone salio kabla ya kutoka uwanjani.